Mhadhara Simuni, Mgonjwa Dirishani

Somo la famakokinetiki halimsubiri mtu. Mhadhiri anaanza na fenitoini, dawa ya kifafa. Anaeleza kwamba uwezo wa ini kuivunja dawa hiyo una kikomo, na kikomo kikishafikiwa, nyongeza ndogo ya dozi huipandisha dawa kwenye damu kupita matarajio. Anaandika mlinganyo, anatoa mfano wa mgonjwa anayetolewa miligramu 300 kwa siku na kupelekwa 400, anataja kiwango kinachotakiwa, yaani miligramu 10 hadi 20 kwa lita, kisha anaonya juu ya macho yanayochezacheza na miguu inayopepesuka. Hata dakika 20 hazijaisha. Mwanafunzi aliyepitwa na sentensi ya pili kwa sababu kipaza sauti kilikatika, au kwa sababu alikuwa bado ananakili mlinganyo, amepitwa na mhadhara mzima, maana yote yaliyofuata yalijengwa juu ya sentensi ile.

Hapo ndipo video ya mhadhara inapopata sifa zake, na ni sifa za haki. Mwanafunzi anaisimamisha, anairudisha nyuma, anaisikiliza sentensi ileile mara tatu, anashika kikokotoo na kutafuta jibu mwenyewe kabla mhadhiri hajalitaja. Aliyelazwa wiki nzima, aliyejifungua katikati ya muhula, aliyepata sup, yaani mtihani wa marudio, na sasa anajiandaa peke yake, mteknolojia dawa anayefanya zamu za usiku huku akisomea shahada: hao wote zamani walikuwa wakitegemea madesa, karatasi zilizotolewa kopi juu ya kopi mpaka nukta ya desimali haionekani. Katika fani ambayo nukta ikihama mtoto anapewa dozi mara kumi ya inayomfaa, madesa yaliyofifia si jambo la kuchekea.

Ipo faida nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Mwanafunzi wa Tanzania aliyepitia shule ya msingi ya serikali amejifunza hesabu na sayansi kwa Kiswahili, akahamia Kiingereza sekondari, na chuoni anakutana na famakolojia iliyojaa istilahi zenye asili ya Kilatini na Kigiriki. Anaposikia istilahi kwa mara ya kwanza, akili yake inafanya kazi mbili kwa mkupuo: kulitambua neno na kuifuata hoja. Ukumbini kazi hizo haziwezi kutenganishwa. Kwenye video zinaweza. Anasimamisha, anatafuta maana, anaandika pembeni ya daftari, anaendelea. Mbele ya watu 100, ni wachache wanaothubutu kunyoosha mkono kuuliza maana ya neno ambalo wanahisi wenzao wanalijua, na kimya chao huchukuliwa na wahadhiri wengi kuwa ni dalili ya kuelewa.

Mazoea ya kurekodi yalipata nguvu kwa dharura. Machi 2020 vyuo vikuu vya Tanzania vilifungwa kwa sababu ya korona, vikafunguliwa tarehe 1 Juni mwaka huohuo. Kenya nako vilifungwa mwezi uleule, na kufungwa kwake kukachukua muda mrefu zaidi. Majukwaa ya kufundishia kama Moodle yalikuwepo tangu zamani, lakini kwa walimu wengi yalikuwa ghala la slaidi tu. Korona ilipopita, mafaili ya video yalibaki, na pamoja nayo likabaki swali ambalo idara nyingi za famasia hazijalijibu kwa uwazi: video hizi ni nyongeza ya mwalimu au mbadala wake?

Kabla ya kulifikia swali hilo, kuna la bando la intaneti, maana mwanafunzi hulikuta la kwanza.

Hesabu yake ni nyepesi. Video iliyobanwa mpaka kilobiti 500 kwa sekunde, kiasi ambacho maandishi ya slaidi yanasomeka kwa shida, inakula megabaiti 225 kwa saa moja. Wiki yenye mihadhara 15 ya namna hiyo inafika karibu gigabaiti 3.4, na hapo hakuna aliyerudia kutazama hata dakika moja, ingawa kurudia ndiyo faida yenyewe iliyotafutwa. Sauti peke yake, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, haifiki megabaiti 29 kwa saa, na inasikika vizuri kabisa. Chuo kinachopandisha mtandaoni faili la sauti pamoja na slaidi zake, sambamba na video, kimepunguza gharama ya kusoma karibu mara nane bila kupoteza sehemu kubwa ya maudhui. Kinachopandisha video ya ubora wa juu peke yake kimewapangia foleni wanafunzi wake kwa uwezo wa mfuko. Wanafunzi wenyewe wamejitafutia njia: mmoja anapakua kwa intaneti ya chuo, wengine wanachukua kwa flashi au kwenye kundi la Telegram. Ni njia nzuri, ila ina athari yake ambayo itajitokeza mbele, pale faili linapoendelea kuzunguka miaka mingi baada ya mwenye kulitengeneza kulisahau.

Tuseme la bando limetatuliwa. Je, anayetazama anajifunza?

Tatizo la video nzuri ni kwamba inaeleweka. Mhadhiri hodari akikokotoa dozi ya jentamaisini ya mgonjwa mwenye figo dhaifu, kila hatua inaonekana ya lazima, na anayetazama anatikisa kichwa. Ile raha ya kufuata hatua za mtu mwingine inafanana sana na raha ya kujua, na mtu anaweza kuishi nayo mpaka siku ya UE, mtihani wa mwisho wa chuo. Watafiti wa kumbukumbu walishalipima jambo hili vizuri. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kukisoma. Lingine lilipewa kipindi kimoja cha kukisoma, kisha likajipima mara tatu kwa kuandika lilichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma vipindi vyote vinne walikumbuka asilimia 83 na waliojipima asilimia 71. Baada ya wiki moja mizani iligeuka: waliosoma tu walibaki na asilimia 40, waliojipima wakabaki na 61.

Ukiyasoma matokeo hayo ukiwa na mwanafunzi wa famasia akilini, maana yake inauma. Anayetazama video ya mhadhara mara nne usiku wa kuamkia mtihani anaweza kufaulu mtihani. Atakayekutana naye miezi kadhaa baadaye kwenye dirisha la dawa hanufaiki na kufaulu huko.

Na hata kuifuata video yenyewe si jambo la uhakika. Philip Guo na wenzake walichambua vipindi milioni 6.9 vya utazamaji kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, wakachapisha mwaka 2014: muda wa kati ambao watu waliendelea kutazama haukuzidi dakika 6, hata video ilipokuwa ndefu kiasi gani. Watazamaji wa edX si wanafunzi wa famasia wanaosubiriwa na mtihani, na huyu wa famasia ana kila sababu ya kuvumilia zaidi. Lakini video nyingi za vyuo vyetu ni saa nzima ya ukumbi iliyorekodiwa jinsi ilivyo: salamu, projekta iliyogoma, orodha ya mahudhurio inayozungushwa, kikohozi cha safu ya mbele. Kuchukua mhadhara uliotengenezwa kwa ajili ya watu walioketi pamoja na kumpa mtu aliyelala kitandani na simu yenye WhatsApp ni kumwachia peke yake kazi ambayo zamani ilifanywa na chumba kizima.

Wanafunzi wamepata dawa yao: kuongeza kasi. Mara moja na nusu, mara mbili. Wazazi wakisikia wanashtuka, na wapo wahadhiri wanaokasirika. Hapa utafiti unawatetea wanafunzi kwa kiasi fulani. Jaribio la Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, lililochapishwa mwaka 2021, lilionyesha kwamba kutazama kwa kasi mara mbili kuliathiri uelewa kidogo sana, na madhara yakaanza kuonekana wazi pale kasi ilipozidi hapo. Ila video zilizotumika zilikuwa za historia ya dola ya Kirumi na uthaminishaji wa majengo. Simulizi inavumilia haraka. Mlinganyo wa nusu-maisha ya dawa, kwa mtu anayesikiliza lugha yake ya pili au ya tatu, ni mzigo mwingine kabisa, na mwanafunzi mwenye busara huachia kasi kwenye utangulizi na kuipunguza mpaka ya kawaida namba zinapoanza. Hilo lenyewe ni stadi, na lingefaa kufundishwa wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza.

Dawa yenye nguvu kuliko kuongeza kasi ni kuikatiza video kwa maswali. Karl Szpunar na wenzake wa Harvard waliwapa watu mhadhara wa takwimu wa dakika 21 uliogawanywa vipande vinne. Waliopewa jaribio fupi mwishoni mwa kila kipande, akili zao ziliranda takriban nusu ya zile za wenzao, na waliandika maelezo mengi zaidi. Hakuna mtambo unaohitajika hapo. Mhadhiri anaweza kusimama kila baada ya dakika 5 au 6 na kusema: simamisha video, mtoto ana kilo 9, kokotoa, kisha endelea. Gharama yake ni sentensi moja. Bado video nyingi zinamwagika saa nzima bila kumuuliza mtazamaji chochote.

Mfano ambao idara za famasia zimekuwa zikiutazama sana unatoka Marekani, kwenye Shule ya Famasia ya Eshelman ya Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill. Mwaka 2012 Profesa Russell Mumper, aliyekuwa akifundisha somo la msingi la uundaji wa dawa, alihamishia mihadhara yake kwenye video ambazo wanafunzi walizitazama kabla ya kuja darasani. Saa za darasa alizijaza kwa maswali ya papo hapo, mijadala ya wawiliwawili, mawasilisho ya wanafunzi na majaribio mafupi. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Academic Medicine ilieleza kwamba mtihani wa mwisho ulifanywa vizuri zaidi kuliko mwaka uliotangulia, na kwamba wanafunzi, ambao mwanzoni wengi wao walipendelea mihadhara ya kawaida, walimaliza muhula wengi wao wakipendelea mfumo mpya.

Habari hiyo husomwa vibaya. Wasimamizi wa vyuo wanaichukua kama ushahidi kwamba video inafanya kazi. Mumper hakupunguza saa za mwalimu; alizibadilishia kazi. Video ilibeba kile ambacho kinaweza kubebwa bila mtu kuwepo, na saa iliyookolewa ikatumika kwa kile ambacho hakiwezi. Chuo kinachorekodi mihadhara halafu kikaongeza udahili kutoka wanafunzi 80 hadi 200 kwa sababu ukumbi sasa hautoshi na hauhitajiki, kimechukua nusu ya kwanza ya habari na kuitupa ya pili.

Tena ile nusu ya pili huja na malalamiko. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walilinganisha darasa la fizikia lililofundishwa kwa mihadhara mizuri na lile lililofundishwa kwa kuwafanyisha wanafunzi kazi. Waliofanyishwa kazi walijifunza zaidi, lakini walipoulizwa, walijiona wamejifunza kidogo. Mhadhiri yeyote wa Afrika Mashariki aliyewahi kusema "mmeshatazama video, sasa fanyeni haya maswali" anaijua kauli inayofuata ukumbini: mwalimu huyu hafundishi. Ndiyo maana CR, mwakilishi wa darasa, anapopeleka malalamiko kwa mkuu wa idara, inafaa mkuu wa idara awe anaijua tofauti kati ya mwalimu aliyekwepa kazi na mwalimu aliyeihamishia kazi mahali panapostahili. Wote wawili wana video kwenye Moodle. Tofauti yao inaonekana darasani.

Sasa tufike dirishani, maana famasia inaishia hapo.

Chukua dawa ya mseto ya malaria, ALu, inayotumika Tanzania tangu mwaka 2006. Video itaeleza vizuri sana: kidonge kimoja kina miligramu 20 za atemetha na 120 za lumefantrini, mtoto wa kilo 5 mpaka chini ya 15 anameza kidonge kimoja kila dozi, dozi ni sita, saa ya 0, 8, 24, 36, 48 na 60, imezwe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, kwa sababu lumefantrini hufyonzwa vibaya tumbo likiwa tupu. Mwanafunzi anaandika, anakariri, anapata alama zote.

Kisha, katika chumba cha mazoezi kilichotengenezwa mfano wa dirisha la dawa, mhadhiri anajifunga kanga na kuwa mama wa mtoto wa kilo 12. Jua linakaribia kuzama. Mwanafunzi anaandika 1x2 kwenye bahasha.

"Shikamoo mama. Mtoto atakula kidonge kimoja kutwa mara mbili, kwa siku tatu."

"Ahsante mwanangu. Nimpe sasa hivi?"

"Ndiyo mama, mpe sasa hivi."

"Saa kumi na mbili hii. Na kingine?"

Hapo mwanafunzi ananyamaza. "Saa ya 8" ya kwenye video haina jua wala usiku. Ya mama huyu inaangukia saa nane za usiku, mtoto amelala, na bahasha iliyoandikwa 1x2 inamruhusu asubiri mpaka asubuhi.

"Saa nane usiku, mama."

"Nimwamshe?"

"Mwamshe, mama. Halafu kuanzia kesho jioni utampa jioni na asubuhi mpaka viishe."

"Na akikitapika?"

Sasa inabidi mwanafunzi ajue kuuliza: alitapika muda gani baada ya kumeza? Na inabidi aliulize bila kumtisha mtu, kwa Kiswahili ambacho hakukisikia hata mara moja kwenye mihadhara, huku nyuma ya mama huyo watu kadhaa wakisubiri na mmoja akiwa ameshaanza kugonga kioo. Hakuna sehemu ya mazungumzo hayo iliyokosekana kwenye video kwa uzembe wa mhadhiri. Yote ni ya namna ambayo hutokea pale tu mtu mmoja anapomuuliza mwingine na kumsubiri ajibu.

Shahada ya famasia Tanzania ni miaka minne, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa utarajali. Kenya ni miaka mitano. Ndani ya muda huo mikono nayo ina masomo yake. Kusaga unga kwenye kinu mpaka uwe laini sawasawa, kusoma kipimo cha kimiminika kwa jicho lililo usawa wa mstari, kuchanganya dawa ya sindano bila kugusa sehemu iliyo safi. Dawa ya pumu ya kupuliza ni mfano ambao kila mwalimu wa vitendo anaujua: tikisa, toa pumzi, bonyeza huku ukivuta polepole, shika pumzi kwa sekunde 10. Mwanafunzi anaweza kuzitaja hatua zote bila kukosea, kisha akipewa kopo mkononi, akabonyeza kwanza na kuvuta baadaye, na dawa yote ikaishia kwenye ulimi. Video inamwonyesha mkono wa mtu mwingine ukipatia. Anayehitajika ni mtu wa kuutazama mkono wake ukikosea.

Hata hivyo ingekuwa dhuluma kusema video haina nafasi maabara. Inayotazamwa kabla ya kuingia, dakika 4 au 5 za kuonyesha mizani inavyosawazishwa na vifaa vinavyopangwa, inaondoa ile nusu saa ya mwanzo ambayo hupotea huku watu 30 wakimzunguka fundi mmoja na walio nyuma wakiona mabega ya walio mbele. Hapo kamera inaona kuliko macho ya safu ya tatu. Nusu saa hiyo ikiokolewa kwenye kila kipindi cha maabara, ni muda mwingi wa mikono.

Lakini hatari kubwa zaidi ya mihadhara iliyorekodiwa katika famasia haimo kwenye usikivu wala kwenye bando. Imo kwenye tarehe.

Ushairi wa kale unaweza kufundishwa kwa video ya miaka 15 iliyopita na asiumie mtu. Famasia haina bahati hiyo. Chukua malaria kali. Baada ya utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010 kuonyesha kwamba sindano ya atesunati iliokoa watoto wengi wa Kiafrika kuliko kwinini, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza atesunati kwa dozi ya miligramu 2.4 kwa kila kilo, kwa watu wote. Mwaka 2015 mwongozo ukabadilika: watoto wenye uzito wa chini ya kilo 20 wapewe miligramu 3 kwa kilo, kwa sababu miili yao huiondoa dawa haraka. Mhadhara uliorekodiwa mwaka 2013 ulikuwa sahihi siku uliporekodiwa. Kwa mtoto wa kilo 12 unatoa miligramu 28.8. Mwongozo wa sasa unatoa 36. Dawa ikiwa imechanganywa kwa ajili ya mshipa, miligramu 10 kwa kila mililita, ni tofauti kati ya mililita 2.9 na 3.6 ndani ya bomba la sindano, na sauti ya mhadhiri kwenye video inatamka ile ndogo kwa uhakika uleule.

Mifano haiishii hapo. Aliyerekodi somo la dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi mwaka 2016 alifundisha mseto wenye efavirenzi kama chaguo la kwanza, na alikuwa sahihi. Tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani limeiweka dolutegraviri mahali hapo, na mgonjwa anayetumia rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu anatakiwa aongezewe dolutegraviri, miligramu 50 asubuhi na 50 jioni badala ya mara moja. Onyo hilo si la kutarajiwa kwenye video ya 2016. Ranitidini, iliyokuwa dawa ya kawaida ya vidonda vya tumbo, mamlaka ya dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji waiondoe sokoni Aprili 2020 kwa sababu ya uchafu unaoshukiwa kusababisha saratani. Na mwanafunzi anayesikiliza video ya kabla ya Julai 2019 ataambiwa apeleke ripoti ya madhara ya dawa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Tanzania, chombo ambacho sasa ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na masuala ya chakula yameshahamia TBS, shirika la viwango.

Kitabu cha zamani hujitambulisha: jalada limechakaa, mwaka wa toleo umeandikwa ukurasa wa pili, maktaba inakiondoa rafu ya mbele. Faili la video lililopita kwenye flashi kumi halina alama ya uzee. Limepewa jina "Lec 7 final", na linaangaliwa kwenye simu mpya.

Tena lina uwezo wa kuishi kuliko mwenye sauti. Januari 2021 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Concordia, Montreal, alitaka kumwandikia barua pepe mwalimu wake wa historia ya sanaa ambaye alikuwa akimfuatilia kwa video wiki baada ya wiki. Akagundua kwamba mwalimu huyo, François-Marc Gagnon, alifariki mwaka 2019. Somo lilikuwa na wasimamizi wengine waliokuwa hai, na historia ya sanaa haina dozi. Ila tukio hilo linaonyesha kwa uwazi kitu gani hukosekana: mtu wa kuandikiwa. Mfamasia aliyefundishwa na sauti isiyojibu hajaiona tabia ambayo taaluma yake inaitegemea kila siku, ya kumpigia daktari aliyeandika cheti na kumuuliza, kwa heshima na bila woga, kama kweli alimaanisha miligramu 500.

Kuna upotevu mwingine wa kimyakimya. Mhadhiri anayefanya kazi pia wodini akiwa na darasa tu, atasema: juzi tulipata kesi hii, sikilizeni. Kamera ikiwashwa, kesi hiyo haisimuliwi, na ni sawa isisimuliwe, kwa sababu siri ya mgonjwa haiwezi kupelekwa kwenye faili litakalozunguka Telegram. Hivyo video inabaki na nadharia safi, na mifano iliyokuwa inaifanya nadharia ikumbukwe inaachwa nje. Mwanafunzi naye, akijua anarekodiwa, hujizuia kuuliza swali analoona la kijinga. Idara inayorekodi kila dakika ya ukumbi inajinyima vitu viwili hivi bila kujua. Ni bora zaidi kurekodi maelezo yasiyobadilika upesi katika chumba kitupu, vipande vifupi vifupi, na kuuacha ukumbi bila kamera.

Maelezo yasiyobadilika upesi ni yapi? Jinsi dawa inavyofyonzwa na kuondoka mwilini, misingi ya kemia, namna vimeng'enya vya ini vinavyochochewa na kuzuiwa, hesabu za mchanganyiko na uzito. Hayo yanaweza kurekodiwa vizuri mara moja na yakafaa kwa miaka. Dozi, chaguo la kwanza la tiba, sheria na majina ya mamlaka yasiingie kwenye rekodi hizo kabisa. Yafundishwe ana kwa ana kila mwaka, mwongozo wa taifa ukiwa mezani. Panapokuwa na ulazima wa kuyarekodi, tarehe isomwe kwa sauti mwanzoni, iandikwe kwenye kila slaidi, na idara iwe na mtu mwenye jukumu la kuzipitia rekodi hizo kila mwanzo wa mwaka wa masomo na kuzifuta zilizopitwa. Kufuta kwenye Moodle hakufuti kwenye flashi, ndiyo maana tarehe iwe kwenye slaidi na si kwenye jina la faili.

Kikwazo kikubwa kitakuwa cha kiutawala. Mhadhiri anayesimamia vikundi vinane vya dirisha la mazoezi kwa wiki, wanafunzi sita kila kikundi, anafundisha saa nyingi kuliko yule anayesimama ukumbini mara mbili, lakini fomu ya mzigo wa kazi inayohesabu mihadhara peke yake humwonyesha kama mtu asiye na vipindi. Mwisho wa mwaka anaulizwa kwa nini asiongezewe somo la tatu. Mwaka unaofuata anarudi ukumbini, anarekodi saa yake nzima, na chumba chenye dirisha la mbao kinageuzwa stoo ya viti. Vyuo vinavyopanga bajeti ya kamera na vipaza sauti vianze na fomu hiyo: saa ya kumtazama mwanafunzi akijibu mgonjwa ihesabiwe sawa na saa ya mhadhara, na saa za kutengeneza na kuhuisha video zihesabiwe nazo. Wakaguzi wa mitaala nao, wanapokuja kuhesabu vitabu na darubini, waombe kuiona ratiba ya wiki ya mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, na waulize ni mara ngapi ndani ya wiki hiyo kuna mtu aliyemsikiliza akieleza dawa moja kwa Kiswahili, kuanzia salamu mpaka mgonjwa alipoelewa.